Kuuza hadithi fupi ukiwa Nairobi: wanaolipa ni nani, na utawafikiaje

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi huwa tunakutana Ngara, watu wanane au kumi, kusomeana hadithi. Kikao kikiisha hakosekani mgeni wa kunivuta kando na kuniuliza yale yale. Hadithi yangu ya majini nimpelekee nani? Ni kweli kuna majarida yanayolipa kwa neno? Wakinikubali, pesa zitanifikiaje Kayole? Na lazima niandike kwa Kiingereza? Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo miaka mingi, na kila mara kuna jambo la maana ninalolisahau. Miezi mitatu baadaye namkuta mtu yule yule ametumbukia kwenye shimo ambalo sikumwonyesha. Kwa hiyo nimekaa chini nikaandika yote.

Mwongozo huu ni wa hadithi fupi za kisayansi, za fantasia, za kutisha na za upelelezi. Riwaya na mashairi yana njia nyingine.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Hadithi moja iliyokamilika. Imesomwa na watu wawili wasio ndugu zako, umeisahihisha, umeiweka kando wiki mbili, ukaisahihisha tena. Usitafute mnunuzi wa hadithi ambayo ingali kichwani.
- Barua pepe yenye jina lako, unayoifungua kila siku. Mkataba utatumwa humo.
- Programu ya kuandikia inayohifadhi faili la .docx. Simu inatosha kuandikia, lakini kwa kupanga mswada tafuta kompyuta, hata ya saiba kwa saa moja.
- Daftari, au jedwali la Excel, la kuandika ulituma nini, wapi, lini.
- Akaunti ya PayPal kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chako, na laini ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina hilo hilo.
- PIN ya KRA, mamlaka ya kodi.

Ada ya kusomewa hadithi haimo katika orodha hii, na sikuisahau. Katika kazi hii pesa humjia mwandishi, hazitoki kwake. Yapo majarida halali ya fasihi yanayotoza dola mbili tatu za kuwasilisha, lakini katika fani tunazozungumzia hapa, karibu masoko yote mazuri husoma bure. Atakayekutaka utume M-Pesa kwanza ili hadithi yako "izingatiwe", mwache.

Hatua ya 1. Elewa unachouza, kabla hujaweka chochote mtandaoni

Jarida halinunui hadithi yako kama unavyonunua kilo ya sukari. Linanunua ruhusa. Mara nyingi ni ruhusa ya kuwa la kwanza kuichapisha hadithi hiyo, na kukaa nayo peke yake kwa muda fulani. Baada ya hapo hadithi inabaki yako. Ila haki hiyo ya kwanza hutumika mara moja tu.

Hapa ndipo sisi tunaoandika Kiswahili tunapoumia zaidi. Tumelelewa na hadithi za vipande vipande za Facebook na WhatsApp, na mtu akimaliza hadithi nzuri mkono unamwasha kuibandika usiku huo huo, "sehemu ya kwanza, itaendelea". Kwa wahariri wengi, hadithi iliyowekwa kwenye ukurasa ulio wazi, kwenye blogu, Wattpad au chaneli ya Telegram ambayo yeyote anaweza kuingia, tayari imechapishwa. Haijalishi iliwekwa vipande, wala haijalishi ilisomwa na watu thelathini tu. Haki ya kwanza imekwisha kutumika, na hukulipwa.

Nililipia somo hili mwenyewe. Niliwahi kuweka hadithi ya mzimu wa reli kwenye ukurasa wangu wa Facebook, sehemu tatu. Mwaka uliofuata jarida moja la ng'ambo likaikubali. Kwenye fomu wakauliza kama imewahi kutokea popote, nikajibu ukweli, na siku hiyo hiyo wakaniandikia kwa upole kwamba hawawezi kuichukua tena. Zilikuwa dola 210. Niliumia sana, na tangu hapo sijabandika hadithi nzima popote kabla haijapita kwa wahariri.

Kikundi kidogo kilichofungwa cha kusahihishana, kama chetu cha Ngara, kwa kawaida hakihesabiwi kuwa uchapishaji. Ukiwa na shaka, mwambie mhariri mapema ilisomwa wapi.

Sisemi kuuza vipande kwa WhatsApp ni vibaya. Ni soko halisi: mwandishi hutoa sehemu tano za kwanza bure, kisha msomaji analipa shilingi 50 au 100 kwa M-Pesa ndipo anaongezwa kwenye kundi la zilizobaki. Ninawajua wanaolipa kodi ya nyumba kwa njia hiyo. Lakini linataka hadithi ndefu, yenye kukata pumzi kila mwisho wa sehemu, na linataka uwe muuza duka: kuhakikisha malipo, kufukuza wanaosambaza, kujibu jumbe saa nne usiku. Hadithi ya maneno 4,000 inayokamilika yenyewe haifai huko. Amua mapema ipi inakwenda wapi, kwa sababu ikishapita WhatsApp njia ya majarida huwa imezibwa.

Hatua ya 2. Hesabu maneno na uitaje aina ya hadithi

Kila soko lina mipaka ya urefu. Hadithi isiyofika maneno 1,000 ni hadithi fupi sana na ina majarida yake. Kati ya 1,000 na 7,500 ndiyo hadithi fupi ya kawaida, na kati ya 3,000 na 5,000 ndipo milango ni mingi zaidi. Ikizidi 7,500 masoko yanapungua haraka.

Kisha jibu kwa neno moja: ni ya kisayansi, fantasia, kutisha au upelelezi? Ikiwa polisi wa Kasarani anachunguza mauaji na muuaji akatokea kuwa jini, usiitume kwa jarida la upelelezi. Hiyo ni ya kutisha au fantasia. Mhariri wa upelelezi anataka fumbo linalofumbuliwa kwa akili ya binadamu.

Hatua ya 3. Amua lugha

Nitasema wazi kwa sababu wengi wanapoteza miaka wakizunguka swali hili. Majarida mengi yanayolipa kwa neno husoma Kiingereza. Kwa Kiswahili masoko ya hadithi fupi za aina hii ni machache, nayo mengi ni mashindano, si majarida. Lakini yapo, na ukiandika Kiswahili kizuri ushindani wake unaweza kuwa upande wako.

La kwanza ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Inapokea hadithi za Kiswahili jinsi zilivyo, bila kukutaka utafsiri. Kuingia ni bure, umri ni kuanzia miaka 18, urefu ni maneno 2,000 hadi 5,000, na hadithi isiwe imechapishwa. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Septemba na kufungwa tarehe 1 Novemba. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500 na mshindi wa jumla pauni 5,000. Si tuzo ya fantasia pekee, ila haikatazi mizimu wala roketi. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wote wanaruhusiwa.

La pili ni Tuzo ya Nyabola, iliyoanzishwa na mwandishi Mkenya Nanjala Nyabola kwa ajili ya hadithi za kisayansi na za fantasia zinazoandikwa kwa Kiswahili na vijana. Kwangu hili ndilo jambo zuri zaidi lililotufikia: mtu ameweka pesa mezani na kusema, niandikieni kesho yetu kwa lugha yetu. Angalia kama imefunguliwa mwaka huu na masharti ya umri yanasemaje.

Watu huniuliza pia kuhusu Tuzo ya Safal-Cornell, ile iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Hiyo ni ya kazi ya urefu wa kitabu, si ya hadithi moja. Iweke akilini kwa siku utakapokuwa na mswada mzima.

Kuna njia ya katikati pia. Samovar, jarida dada la Strange Horizons, huchapisha hadithi za fantasia na za kisayansi zilizotafsiriwa, na huweka maandishi ya lugha asili pamoja na tafsiri. Ellery Queen's Mystery Magazine, la upelelezi, lina safu ya hadithi zilizotafsiriwa kutoka lugha nyingine. Ukiwa na rafiki anayetafsiri vizuri, kaeni pamoja. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, mtagawana vipi pesa.

Na ukiamua kuandika Kiingereza, usiandike Kiingereza cha mtu wa Ohio. Mhariri aliyesoma hadithi mia tatu mwezi huu hajakutana na kondakta wa matatu ya Rongai anayebeba abiria aliyekufa. Acha "mwananchi" na "chang'aa" zibaki zilivyo, wala usizifafanue kwenye mabano.

Hatua ya 4. Tafuta masoko

Chombo changu kikuu ni The Submission Grinder, tovuti ya bure. Ingia kwenye sehemu ya kutafuta, chagua aina ya hadithi, weka idadi ya maneno, weka kiwango cha chini cha malipo, na uondoe masoko yaliyofungwa. Utapata orodha. Ukibofya jina la jarida utaona pia huchukua siku ngapi kujibu, kwa takwimu za waandishi wenyewe waliotuma. Hizo takwimu ni dhahabu. Ipo pia Duotrope, ambayo ni ya kulipia, dola 5 kwa mwezi. Anza na ya bure.

Njia ya pili naipenda kuliko hata ya kwanza. Mwandishi Mnijeria Wole Talabi amekusanya kwa miaka orodha ya hadithi za Kiafrika za kisayansi, za fantasia na za kutisha zilizochapishwa, na mahali zilipochapishwa. Ipitie ukiangalia safu ya wachapishaji. Jarida lililochapisha Wakenya, Waganda na Wanijeria watano katika miaka mitatu limeshazoea kusoma hadithi za kwetu. Anza nalo.

Haya ni baadhi ya majina ya kuanzia. Hakikisha mwenyewe kama yamefunguliwa, maana hufungua na kufunga kama maduka ya Eastleigh siku ya Ijumaa.

Omenana lilianzishwa mwaka 2014 na Wanijeria, na ni la Waafrika na wenye asili ya Afrika. Malipo yake ni madogo kuliko ya Marekani, lakini linajua unachozungumzia. FIYAH ni jarida la fantasia na sayansi la waandishi Weusi, hulipa senti 8 za dola kwa neno, na mara nyingi toleo huwa na mada, kwa hiyo soma mada kwanza. Strange Horizons hulipa senti 10. Clarkesworld hulipa zaidi ya senti 10, linataka maneno 1,000 hadi 22,000, na hujibu upesi kuliko karibu wote. Uncanny hulipa senti 10 lakini dirisha lake huwa jembamba. Kwa hadithi za kutisha, angalia The Dark na Nightmare. Kwa upelelezi kuna Alfred Hitchcock's Mystery Magazine na hilo la Ellery Queen, ambalo limekuwepo tangu 1941 na lina idara maalumu ya waandishi ambao hawajawahi kuchapishwa.

Kuna masoko ya sauti pia, yanayotoa hadithi zikisomwa mtandaoni: Escape Pod kwa sayansi, PodCastle kwa fantasia, PseudoPod kwa kutisha. Hizi hununua hadithi mpya, na hulipa pia, kwa kiwango kidogo, hadithi iliyokwisha kuchapishwa kwingine. Maana yake hadithi moja inaweza kukulipa mara mbili.

Hapa nyumbani Nairobi kuna Will This Be a Problem?, inayotoa mikusanyiko ya hadithi za Waafrika za kisayansi, za fantasia na za kutisha. Fuatilia miito yao. Wachapishaji wa vitabu vya shule nao hutoa mikusanyiko ya hadithi fupi za Kiswahili, lakini mara nyingi mhariri wa mkusanyiko huwaalika waandishi anaowajua. Ukialikwa, uliza swali moja kabla ya kufurahi: nalipwa mara moja, au napata fungu la mauzo? Mkusanyiko ukiteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa, tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa mno.

Hatua ya 5. Panga kwa malipo na uanze juu

Wanaoanza karibu wote hufanya kinyume. Wanasema, mimi ni mdogo, nitaanza na vijarida vya bure, nijenge jina, kisha nipande. Usifanye hivyo. Hadithi ikichapishwa bure, haki ya kwanza imekwenda, na jarida kubwa haliwezi tena kuichukua. Juu huwezi kufika ukitokea chini kwa hadithi ile ile.

Tufanye hesabu. Chama cha waandishi wa fani hizi cha Marekani, SFWA, kimeweka senti 8 kwa neno kuwa kiwango cha kitaalamu tangu mwaka 2019. Hadithi ya maneno 4,000 kwa senti 8 ni dola 320. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni shilingi 41,280 kabla ya makato. Kwa senti 1 hadithi ile ile ni dola 40, yaani shilingi 5,160. Kazi uliyoifanya ni moja.

Kwa hiyo kwa kila hadithi andika masoko sita au saba kutoka anayelipa zaidi hadi wa chini unayeweza kumkubali, na uchore mstari hapo. Wangu uko kwenye senti 3. Chini ya hapo naiweka hadithi kabatini ningoje mwito mpya. Wewe chora wako, lakini uchore kabla hujakataliwa mara ya kwanza, maana ukishakataliwa utaona hata sifuri inafaa.

Hatua ya 6. Soma masharti yote, hadi mwisho

Hadithi nyingi hukataliwa hapa bila kusomwa. Angalia hasa haya:

Kutuma kwa wawili kwa pamoja. Clarkesworld na wengine wengi hawataki hadithi iliyo mikononi mwa mhariri mwingine. Wengine wanaruhusu, mradi uwaambie mara ikichukuliwa. Fuata sharti la yule mkali.

Jina kwenye mswada. Mashindano mengi, pamoja na lile la Jumuiya ya Madola, husoma bila kujua mwandishi. Jina lako likiwa kwenye kichwa cha ukurasa umejitoa mwenyewe.

Akili unde. Februari 2023 Clarkesworld lililazimika kufunga mlango kwa muda kwa sababu lilifurikwa na hadithi zilizotengenezwa na programu kama ChatGPT. Tangu hapo majarida mengi yanakataza kabisa, na anayekamatwa hufungiwa daima. Usiitumie hata "kunyoosha Kiingereza". Mtafute mwenzako akusomee.

Saa. "Usiku wa manane tarehe 30" ni usiku wa nani? Saa sita usiku ya New York ni saa moja asubuhi Nairobi wakati wa kiangazi chao, na saa mbili asubuhi wakati wa baridi yao. Hiyo ni nafuu kwetu. Ya London ni saa nane au saa tisa usiku. Hata hivyo tuma siku mbili kabla. Umeme wa mtaani kwako haujui makataa.

Hatua ya 7. Andaa mswada na barua

Mswada wa kawaida ni wa kuchosha macho, na ndivyo unavyotakiwa. Fonti ya Times New Roman au Courier, ukubwa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5 kila upande. Jina na anwani yako juu kushoto, idadi ya maneno juu kulia, kichwa cha hadithi katikati ya ukurasa wa kwanza, na kuanzia ukurasa wa pili jina la ukoo, neno moja la kichwa, na namba ya ukurasa. Ukitafuta mtandaoni mfano wa William Shunn utauona wote kwa macho. Majarida mengi hutaja jina hilo katika masharti yao. Usiweke picha, rangi, wala alama ya hakimiliki. Hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika hadithi. Kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni hiari, na hakuna mhariri atakayekuuliza cheti.

Barua ni fupi. Hii hapa, iweke katika lugha ya jarida:

"Mhariri mpendwa, naambatanisha hadithi yangu ya kutisha, Kisima cha Mathare, yenye maneno 3,800. Haijachapishwa popote, wala haiko kwa mhariri mwingine. Mimi ni mwalimu, naishi Nairobi. Asante kwa muda wako."

Basi. Usimsimulie kisa, usimweleze maana yake, usimwambie mama yako alilia alipoisoma. Kama hujachapishwa, usiombe radhi. Nyamaza tu juu ya hilo. Kazi yako ikihusiana na hadithi, itaje. Dada mmoja wa kikundi chetu ni muuguzi, na hadithi yake ilikuwa ya wodi ya usiku. Sentensi hiyo moja ilikuwa na uzito.

Hatua ya 8. Tuma, andika, na uanze nyingine

Ukishabonyeza, andika kwenye daftari: hadithi, jarida, tarehe, na siku ambayo masharti yanakuruhusu kuulizia. Kisha ufunge ukurasa huo, uanze hadithi mpya siku hiyo hiyo. Anayengoja jibu moja huchanganyikiwa, lakini mwenye hadithi nne njiani hana muda wa kungoja.

Ikirudi imekataliwa, itume kwa wa pili kwenye orodha ndani ya saa 24. Usiisahihishe kila inapokataliwa. Isahihishe wahariri wawili wakikwambia jambo lile lile. Hadithi yangu ya kwanza kuuzwa ilikataliwa mara 11, na iliyonunuliwa mara ya 12 ni ile ile, bila koma kubadilishwa. Na usimjibu mhariri aliyekukataa, hata kwa asante. Anazo barua mia nne nyingine.

Hatua ya 9. Ukikubaliwa: mkataba kwanza, kisha pesa

Furahi, mpigie mtu simu, kisha kaa usome mkataba pole pole. Unatafuta mambo manne: wananunua haki gani, za lugha gani, wanakaa nazo peke yao muda gani, na wasipochapisha zinarudi lini. Miezi sita hadi mwaka mmoja wa kukaa nayo peke yao ni kawaida. Yasiyo ya kawaida ni maneno "haki zote", "daima", au haki za filamu zilizotupwa ndani ya mkataba wa dola 40. Ukiyaona, andika kwa heshima uombe yaondolewe. Mhariri mwema hatakasirika. Jina la jarida likikutia shaka, litafute kwenye Writer Beware, huduma ya SFWA inayofichua matapeli wa uandishi, kabla ya kutia sahihi.

Jarida la Marekani linaweza kukutumia fomu ya W-8BEN. Isikutishe, unathibitisha tu kwamba wewe si raia wala mkazi wa huko. Sehemu ya kudai nafuu ya mkataba wa kodi iache wazi, kwa sababu Kenya haina mkataba huo na Marekani.

Malipo mengi huja kwa PayPal, na kutoka hapo unaweza kuyatoa hadi M-Pesa. PayPal itabadilisha dola kwa kiwango chake, kilicho chini ya kile unachokiona kwenye habari, basi usishangae. Kwa kiasi kidogo usikubali hawala ya benki hadi benki. Makato yanaweza kumeza nusu ya pesa. Weka risiti, na uyaingize mapato hayo kwenye ritani yako ya KRA kabla ya Juni 30.

Mambo yakikwama

Muda wa kujibu umepita na kimya. Angalia kwanza kwenye taka za barua pepe. Kisha andika mistari miwili: kichwa, tarehe uliyotuma, unaulizia tu. Ukingoja mwezi mwingine bila jibu, andika kwamba unaiondoa, na uitume kwingine siku hiyo hiyo.

Mhariri anasema ataitazama tena ukibadilisha mwisho. Huko si kukataliwa. Kama mabadiliko yanaifaa hadithi, yafanye ndani ya wiki tatu na umrudishie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama yanaiua, mshukuru uendelee na orodha yako.

Pesa za PayPal hazihamii M-Pesa. Karibu kila mara ni jina. "Wanjiku J. Mwangi" na "Jane Wanjiku Mwangi" ni watu wawili mbele ya mashine. Rekebisha upande wa PayPal kwa kitambulisho, na ulifanye hilo sasa, kabla pesa hazijaingia. Ukitumia jina la kalamu, liandike chini ya kichwa cha hadithi tu; juu kushoto na kwenye mkataba weka jina lako la kisheria.

Hadithi imetoka lakini hujalipwa. Soma mkataba unasema siku ngapi baada ya kuchapishwa. Zikipita, tuma ankara yenye kiasi, tarehe na akaunti yako. Mara nyingi ni uzembe na huisha hapo. Wakinyamaza baada ya barua ya tatu, waandikie kwamba mkataba umevunjwa na unadai hadithi iondolewe, kisha wajulishe Writer Beware.

Jarida limefungwa moja kwa moja hadithi yako ikiwa mikononi mwao. Kama hawajaichapisha, haki ya kwanza bado ni yako. Iandike "imerudi" kwenye daftari, na utume kwa anayefuata.